Kafa Ulaya Hakufa

Limezuka miongoni mwetu, walimu wa Kiswahili wa Uganda, jambo ambalo kwa juu juu halihusu lugha, walakini ukilichimba utaikuta lugha chini yake. Jambo lenyewe ni lile duka la nguo la hisani ambalo mashirika ya Uingereza hulisimamisha kwa siku chache katika matamasha ya muziki, likaendeshwa na watu wa kujitolea, kisha likang'olewa pamoja na mahema. Kundi moja la wenzetu lalisifu duka hilo mno na kututaka tuliige: lisimamishwe Jinja wakati wa tamasha la Nyege Nyege, lisimamishwe Unguja wakati wa Sauti za Busara, na faida yake inunue vitabu vya shule. Kundi la pili lalilaani. Kwao duka hilo ni mlango wa mbele wa nyumba ambayo kwa mlango wake wa nyuma hututupia mitumba.

Mimi siko na kundi lolote kati ya haya mawili. Nadai kwamba duka hilo ni jema pale linaposimama, Uingereza, na kwamba sababu ile ile inayolifanya jema pale ndiyo itakayolifanya dhuluma likihamishiwa kwetu. Wanaolisifu na wanaolilaani wameacha kuuliza swali moja: nguo hizo zauzwa kwa nani?

Tuanze kwa kulitazama duka lenyewe. Tamasha mashuhuri kuliko yote Uingereza ni lile la Glastonbury, ambalo hufanyika katika shamba la ng'ombe wa maziwa liitwalo Worthy Farm, kijijini Pilton, katika jimbo la Somerset. Mwenye shamba, Bwana Michael Eavis, aliliandaa kwa mara ya kwanza mwezi Septemba 1970. Kiingilio kilikuwa paundi moja, na aliyelipa alipewa na maziwa ya bure. Waliohudhuria walikuwa kiasi cha watu 1,500. Katika miaka ya karibuni shamba hilo limekuwa likipokea watu zaidi ya 200,000, na tiketi ya mwaka 2025 ilikuwa paundi 373 na nusu, mbali na ada ya kuiagiza. Katika miaka ya 1980 fedha za hisani za tamasha hilo zilikwenda hasa kwa harakati za kupinga silaha za nyuklia. Tangu miaka ya 1990 wanufaika wakubwa wamekuwa Oxfam, Greenpeace na WaterAid.

Oxfam ndiyo yenye maduka ya nguo shambani humo. Mtu akiliona hema lao limejaa wanunuzi aweza kudhani limeota usiku mmoja kama uyoga. Lakini vinavyoelea vimeundwa. Nguo huteuliwa mapema kutoka katika zile walizotoa raia kwenye maduka ya mijini, na huteuliwa kwa kujua kwamba mwenda tamasha hutafuta mambo mawili: kujikinga na mvua na kung'ara mbele ya wenzake. Basi hutengwa makoti ya mvua, mashati ya maua, kaptura za jinzi, jaketi zenye puleki, na mavazi ya kuchekesha ambayo mtu hawezi kuyavaa ofisini. Hupakiwa katika magari, hutundikwa katika viango, hupangiwa bei, na watu wa kujitolea hushika zamu za kupokea fedha, kukunja nguo na kuzirudisha mahali pake. Mvua ikishuka na shamba likageuka tope, makoti hugombewa. Sheria ya nchi nayo huwasaidia: nguo iliyotolewa bure na kuuzwa na shirika la hisani haitozwi Kodi ya Ongezeko la Thamani.

Sasa niwageukie wenzangu wanaolilaani. Hoja yao yasimama juu ya jina ambalo wazee wetu walizipa nguo hizi zilipoanza kufika: kafa Ulaya. Maana yake ni kwamba mwenye nguo amekufa huko, na nguo zake zimeletwa kwetu kama urithi usioombwa. Waakani wa Ghana nao wana msemo kama huo, obroni wawu, yaani mzungu amekufa. Na mwezi Agosti 2023, akiwa Mbale kwa shughuli ya viwanda, Rais Museveni alitangaza kuzipiga marufuku nguo hizo, akieleza kwamba ni za wafu. Mitumba iliendelea kuuzwa, lakini neno lile la wazee lilikuwa limepata kiti cha serikali.

Ndugu zangu, mwenye nguo hakufa. Yu hai, na yuko Pilton anacheza ngoma kwenye tope. Jaketi aliinunua mwezi wa tano, akaivaa mara moja, akaitoa kabla haijafuliwa mara ya tatu. Duka la tamasha ndilo ushahidi ulio wazi kuliko wowote kwamba kinachoisukuma nguo itoke kabatini si kifo bali ni wingi. Na tofauti hii si ya kuchezea maneno. Marehemu haulizwi, aliye hai huulizwa. Kila tunaposema kafa Ulaya tunamwondolea mwenye nguo wajibu wake, tunamzika ili asijibu.

Tena, duka hilo lafanya jambo ambalo walaani wenyewe wangelipaswa kulidai: linamuuzia Mwingereza nguo ya Mwingereza. Nguo haivuki bahari. Kinachovuka ni fedha. Na hivyo ndivyo maduka ya Oxfam yalivyoanza. Kamati iliyozaa shirika hilo iliundwa mjini Oxford mwaka 1942 kwa ajili ya Wayunani waliokuwa wakifa njaa wakati wa vita. Vita vilipokwisha, watu walitoa vitu kwa wingi kupita haja, na mwishoni mwa miaka ya 1940 kamati ikafungua duka la kudumu katika mtaa wa Broad Street, nambari 17, ili ziada iuzwe pale pale mjini. Kanuni ilikuwa njema: vitu vibaki, fedha ziende. Duka la tamasha laifuata kanuni hiyo kuliko hata baadhi ya maduka ya mijini, kwa sababu lauza kwa siku chache nguo nyingi ambazo mtaani zingekaa miezi bila mnunuzi. Nani atamtafuta mwenye kuvaa jaketi ya puleki katika mji mdogo mwezi wa Januari? Kwa hiyo kila kipande kinachouzwa Pilton ni kipande kimoja kisichofungwa katika robota. Walaani wanalilaani lililo rafiki yao.

Lakini wasishangilie mapema wale wanaolisifu, maana sifa zao nazo zimejaa maneno yasiyopimwa. Neno la kwanza ni kujitolea. Tunalifundisha darasani kila mwaka: kutoa, kutolea, kujitolea, mtu kuitoa nafsi yake kwa ajili ya mwingine bila kutaka malipo. Sasa tupige hesabu. Katika matamasha ya Uingereza mpango uliozoeleka ni kwamba mtu wa kujitolea hushika zamu tatu za saa nane hivi, naye huingia bila kununua tiketi. Huweka dhamana ya fedha, akarudishiwa akimaliza zamu zake. Kwa bei ya Glastonbury ya mwaka 2025, saa 24 za kazi kwa tiketi ya paundi 373 na nusu ni zaidi ya paundi 15 kwa saa, ilhali kima cha chini cha mshahara kwa mtu mzima nchini humo kilikuwa paundi 12 na senti 21. Mtu huyo amelipwa, tena si haba.

Sisemi haya ili kumfedhehesha kijana anayesimama hemani huku muziki aupendao ukimwita nje. Kazi yake ni halali na yenye manufaa, na pengine tiketi hangaliweza kuinunua. Nasema tu kwamba huyo ni mshika zamu aliyelipwa kwa kiingilio, na si haki kumpa jina moja na yule bibi mzee ambaye kila Jumanne, mwaka baada ya mwaka, husimama katika duka la mtaani, akachambua vifuko vya nguo zenye kunuka, na asipate hata tiketi ya basi. Bibi huyo ndiye aliyejitolea. Tukiwaita wote wawili kwa neno moja tumemnyang'anya bibi haki yake, na tumemfundisha mwanafunzi kwamba kujitolea ni njia ya kuingia tamashani.

Neno la pili ni hisani. Hisani ni wema usiodai kurudishiwa. Mwenye kununua jaketi amenunua jaketi. Amefanya biashara njema yenye faida kwa wengine, basi. Mwenye kuitoa amefanya hisani kidogo na amepata nafasi kabatini. Hisani kubwa, kama ipo, imo katika matumizi ya zile fedha: kisima kilichochimbwa, mkimbizi aliyelishwa. Kuipaka biashara yote rangi ya hisani ni kumzuia mtu asiulize maswali ambayo angelimuuliza mfanyabiashara mwingine yeyote. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Na swali kubwa la kumuuliza ni hili: zisizouzika zaenda wapi? Oxfam ina kituo cha kuchambua nguo huko Yorkshire, kiitwacho Wastesaver, kilichoanzishwa mwaka 1974. Huko ndiko nguo zinakogawanywa njia zao: nyingine kurudi madukani au kuuzwa kwa mtandao, nyingine kwenda matamashani, nyingine kuuzwa nje ya nchi, na zilizochakaa kugeuzwa malighafi. Mashirika mengine huuza masazo yao kwa kilo kwa wafanyabiashara, na baada ya hapo jina la hisani hubanduka. Kinachobaki ni shehena. Robota hufungwa, hufika Mombasa au Dar es Salaam, na mwisho wa safari hufunguliwa Gikomba jijini Nairobi, au katika soko la Balikuddembe ambalo wengi wetu wa Kampala bado twaliita Owino.

Tazameni majina ambayo watu wetu wameyapa masazo hayo. Waswahili waliita mtumba, yaani furushi, kwa kuwa kilichoonekana ni furushi. Waganda wakasema mivumba. Wanyarwanda wakalichukua neno letu chagua, wakalitamka caguwa, kwa kuwa mnunuzi huinama juu ya rundo akachagua. Neno zuri, lakini lina kejeli ndani yake. Mchuuzi mwenyewe hachagui: hulinunua robota likiwa limefungwa, asijue kama amepata mashati au matambara, naye hujua bahati yake baada ya kukata kamba. Aliyechagua kweli ni yule wa kwanza, yule wa dukani Uingereza. Sisi twachagua katika yale ambayo wenzetu walikataa kuyachagua.

Na nchi yenye neno hilo la caguwa ilipotaka kuchagua kweli, ilionywa. Mwezi Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua, ifikapo mwaka 2019. Mwaka huo huo Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola mbili na nusu kwa kilo. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kikawasilisha malalamiko kwa serikali yao. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia, na mwezi Julai 2018 Marekani ikasitisha haki ya nguo za Rwanda kuingia huko bila ushuru. Katika jambo hilo hakuna aliyetaja hisani.

Haki yataka tuseme pia upande wa pili. Viwanda vyetu havikuuawa na mitumba peke yake. Nytil ya Jinja, iliyofuma pamba ya Uganda tangu miaka ya 1950 kwa umeme wa bwawa la Owen Falls, ilipata madhara makubwa katika utawala wa Amin na vita vilivyofuata, kabla robota halijawa mfalme wa soko. Mchumi Garth Frazer, katika uchunguzi wake wa mwaka 2008, alikadiria kwamba uingizaji wa nguo kuukuu waeleza karibu asilimia 40 ya kuporomoka kwa utengenezaji wa nguo barani Afrika kati ya mwaka 1981 na 2000. Asilimia 40 si yote. Wala si kitu kidogo. Oxfam yenyewe, katika taarifa yake ya mwaka 2005, ilikubali kwamba biashara hiyo yaelekea kuwa ilichangia kudhoofisha viwanda vya Afrika Magharibi, ikaongeza kwamba imewapa riziki watu wengi mno. Maneno yote mawili ni ya kweli, na lile la pili ndilo linalonirudisha kwa wenzangu wanaotaka kuliiga duka hilo.

Semeni, ndugu zangu, duka lenu la Jinja litauza nini? Uingereza kabati zimefurika, na duka hupokea kutoka kabati hizo. Hapa petu ni nani mwenye makoti kumi ya kutoa? Mwalimu mwenye suruali nne? Nguo ya mtu wetu humshukia mdogo wake, kisha mtoto wa nduguye, kisha hupigia deki. Basi duka lenu litajazwa kutoka wapi, kama si kutoka robota lile lile la Owino? Mtanunua mtumba, mtaupiga pasi, mtautundika katika hema chini ya bango la hisani, na kuuza mtumba uliokwisha kukataliwa mara mbili kana kwamba ni sadaka. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako; wala wazo la kuazima halisitiri.

Tena ni nani atakayeuza? Vijana wasiolipwa. Kule Pilton, kijana asiyelipwa hamnyang'anyi mtu kitu, kwa kuwa hapana mchuuzi wa nguo kuukuu anayelishwa na shamba lile. Hapa kwetu yupo. Yupo mama aliyekopa fedha za robota, aliyelipa ushuru wa soko na nauli ya kufika Jinja kwa sababu alisikia kuna tamasha na watu wenye fedha. Ataweka turubai lake kando ya njia, na mbele yake litasimama hema la walimu lisilolipa kodi ya pango wala mshahara, likiuza shati lile lile kwa bei ya chini, tena likisifiwa. Huko ni kushindana na maskini kwa silaha ambazo yeye hana.

Mtanijibu kwamba faida ni ya vitabu. Vitabu vya nani? Mtoto mtakayemnunulia kitabu ndiye yule yule ambaye ada yake hutoka katika turubai la mamaye. Mtamtoa mfukoni shilingi tano, mkamrudishia mbili zimefungwa kwa utepe, kisha mkamtaka awaandikie insha ya shukrani. Lau chama chetu chataka kusimama tamashani, na kisimame na fundi cherehani. Fundi huyo alipwe ujira wake, ashone kwa pamba inayolimwa na kufumwa kwetu, apunguze na kutia viraka nguo za wapita njia, na faida itakayozidi iende kwenye vitabu. Sisi walimu tusimame pembeni yake tukiuza vitabu vyenyewe, bila kulipwa na bila kudai kiingilio. Hapo ndipo neno kujitolea litakapotutosha.

Na kwa mashirika ya Uingereza tuna maneno matatu, ambayo wenzetu wenye kuandikiana nayo wafaa kuyafikisha. Kwanza, zidisheni maduka ya matamasha wala msiyapunguze, na nguo za Uingereza zivaliwe Uingereza mpaka zichoke. Fedha zije, nguo zibaki. Pili, kila hema liwe na ubao unaoeleza wazi ni kiasi gani cha nguo zilizotolewa huuzwa nchini, na zinazobaki zaenda nchi gani, ili mnunuzi na mshika zamu wajue kazi yao ina mkia mrefu kiasi gani. Tatu, kilichochanika kisifungwe katika robota, kwa kuwa mchuuzi wetu hulipia uzito wa tambara sawasawa na uzito wa shati, na tambara hilo likitupwa ni jalala letu linalolipokea.

Kwetu sisi walimu pana kazi ya darasani, na haihitaji hema. Tuwape wanafunzi maneno haya manne, mtumba, caguwa, hisani, kujitolea, wayapime katika insha zao kama mchuuzi apimavyo shati: ndani na nje, mshono kwa mshono. Tuwaulize kila neno linaficha nini. Na watakapofika kwenye lile la wazee, kafa Ulaya, tuwaambie kwamba wazee walisema kwa kadiri ya walivyoona, na sisi tumeona zaidi. Mwenye nguo hakufa. Ameichoka tu nguo yake, anwani yake yajulikana, na barua ikiandikwa itamfikia.